Mauntingi ngumu za giaboksi: dhana za gereji na ukweli wake

Mwenye gari la manyuo huijua hali hii: ameachia mafuta, amekanyaga klachi, anahamisha mkono wa gia kutoka ya pili kwenda ya tatu, na mkono unasuasua kama mwiko ndani ya uji. Akilalamika gereji, siku hizi ataambiwa upesi kwamba dawa ni mauntingi ngumu, yaani aondoe vile vishikizo vya mpira vinavyobeba injini na giaboksi, kisha afunge vya poliyurethani, aina ya plastiki ngumu inayonyumbuka, au vya mpira mgumu zaidi. Ushauri huo una ukweli ndani yake, lakini umeandamana na dhana kadhaa zinazowafanya watu watumie fedha pasipohitajika, na mara nyingine waliharibu gari lililokuwa zima.

Mauntingi ina kazi tatu, nazo hazipatani. Hubeba uzito wa injini na giaboksi, huzuia mtetemo wake usifike kwenye bodi, na huzuia injini isijisokote pale nguvu inapopelekwa kwenye magurudumu. Kazi ya tatu ni nzito kuliko watu wanavyodhani. Chukua gari dogo linalovutwa na magurudumu ya mbele, lenye injini iliyolala kwa upana wa gari na inayotoa msokoto wa nyutoni-mita 140. Ikiwa gia ya kwanza huzidisha msokoto huo mara 3.5 na difu, yaani gia za mwisho kabla ya magurudumu, mara 4, magurudumu hupokea nyutoni-mita 1,960, na injini pamoja na giaboksi husukumwa kujisokota kinyume kwa kiasi kicho hicho. Kishikizo kilicho nusu mita kutoka kwenye mhimili wa msokoto huo hubeba nguvu inayolingana na uzito wa kilo 400 hivi. Mpira laini hukubali kupinda chini ya mzigo kama huo, na kupinda huko ndiko dereva anakokuhisi kiganjani, ingawa si katika kila gari.

Dhana: gari lolote la manyuo litapata gia nzuri likifungwa mauntingi ngumu

Ukweli wa jambo hili hutegemea njia inayotoka kwenye kiganja chako hadi ndani ya giaboksi, na njia hizo ziko tatu.

Kwenye Toyota Hilux za miaka ya 1990, na magari mengi ya aina hiyo ambayo injini yake imekaa mbele na kusukuma magurudumu ya nyuma, mkono wa gia umechomekwa moja kwa moja juu ya giaboksi. Giaboksi ikicheza, mkono hucheza nayo, na umbali kati ya kiganja na gia zilizo ndani haubadiliki. Mwenye gari hilo anayesumbuliwa na mkono unaolegalega hatapata nafuu kwa kubadilisha mauntingi, kwa sababu ulegevu huo mara nyingi hutoka kwenye kikombe kidogo cha plastiki kinachovaa ncha ya chini ya mkono wenyewe. Kikombe hicho huliwa kwa miaka, na fundi anaweza kukibadilisha kutokea ndani ya gari bila kulala chini ya uvungu.

Njia ya pili ni ya waya, kama ilivyo kwenye Vitz nyingi za manyuo. Hapa watu husema kwamba injini ikicheza, waya huvutika na gia hupotea mahali pake. Sivyo. Waya wa gia hutembea ndani ya ala, kama waya wa breki ya baiskeli, na ala hiyo imefungwa kwenye bodi upande mmoja na kwenye giaboksi upande mwingine. Injini inapocheza, waya na ala yake hujipinda pamoja, na urefu unaotembea hubaki karibu uleule. Faida ya mauntingi ngumu kwenye gari la namna hii ipo, lakini si ile iliyoahidiwa: kinachopungua ni ule mshtuko wa injini kwenda mbele na kurudi nyuma unapoachia na kukanyaga mafuta kwenye foleni. Ulegevu wa mkono utabaki palepale hadi bushi za ncha za waya, yaani vile vipete vya mpira au plastiki vinavyoshika maungio, zibadilishwe.

Njia ya tatu ni ya vyuma, na hapo ndipo mauntingi hulipa gharama yake. Honda Civic za miaka ya 1990 ziko kundi hili, na pia Subaru Impreza na Forester za gia tano, ambazo ndizo nitakazozieleza zaidi kwa kuwa barabara za Afrika Mashariki zimejaa Subaru na wenye nazo hupenda kuziboresha. Kwenye Subaru kuna vyuma viwili vinavyokwenda sambamba kutoka kwenye mkono hadi kwenye giaboksi. Kimoja husukuma gia. Cha pili hushika kitako cha mkono, upande mmoja kikiwa kimefungwa kwenye giaboksi na upande mwingine kikiwa kimeegemea bodi kwa bushi ya mpira. Giaboksi ikisogea, kila kiungo kati ya vyuma hivyo husogea nayo, na dereva anayebadilisha gia kwa haraka hukuta mlango wa gia hauko pale alipouacha.

Zaidi ya hayo, difu ya mbele ya Subaru imo ndani ya giaboksi yenyewe. Kwa sababu hiyo, magurudumu ya mbele yanaposukuma gari, injini huinua pua na giaboksi hushusha mkia. Kinachozuia tendo hilo ni chuma kifupi chenye bushi mbili, kinachounganisha sehemu ya juu ya giaboksi na ukuta uliopo kati ya injini na abiria. Kipande hicho ni rahisi kukifikia kutoka juu, na kwa maoni yangu ndicho cha kwanza kubadilishwa baada ya bushi za vyuma vya gia; mauntingi ya giaboksi iliyo chini hufuata, na zile mbili za injini huachwa hadi mwisho, au haziguswi kabisa. Mafundi wengi huanzia mwisho wa orodha hiyo, kisha mteja hushangaa kwa nini usukani sasa unatetemeka na gia zimebaki vilevile.

Dhana: kadiri mauntingi inavyokuwa ngumu ndivyo inavyokuwa bora

Ugumu wa mpira na wa poliyurethani hupimwa kwa kipimo kiitwacho Shore A. Namba kubwa ni ugumu mkubwa, na wauzaji huitangaza namba hiyo kana kwamba ni alama za mtihani. Tofauti kati ya 60 na 95 kwenye kipimo hicho ni tofauti ya gari unaloweza kulipanda kila siku na gari utakalolichoka kabla ya wiki kwisha.

Sababu yake inaweza kuhesabiwa. Injini ya silinda nne ikiwa sailensi, yaani ikiunguruma bila kukanyagiwa mafuta, kwenye mizunguko 750 kwa dakika hulipua mara mbili katika kila mzunguko, yaani mara 25 kwa sekunde. Mauntingi huchuja mtetemo pale tu mtetemo unaoingia unapozidi kasi ya asili ya injini kucheza juu ya mipira yake kwa zaidi ya mara 1.4. Tuseme injini yako, ikiwa juu ya mipira ya kiwandani, hucheza mara 10 kwa sekunde: mitetemo 25 ni mara mbili na nusu ya hiyo, hivyo sehemu kubwa huchujwa kabla ya kufika kwenye kiti. Ukiongeza ugumu mara nne, kasi hiyo ya asili hupanda mara mbili na kufika 20. Sasa 25 ni mara 1.25 tu, na mauntingi, badala ya kuchuja, huukuza mtetemo. Ndiyo maana gari lililofungwa mauntingi ngumu mno hutulia barabarani injini inapokuwa na mizunguko mingi, lakini likisimama kwenye taa nyekundu na kiyoyozi kikawaka, dashibodi nzima huanza kuongea.

Mtetemo huo haumkeri dereva peke yake. Nati ndogo hulegea, mabomba ya ekzosi na ya kiyoyozi hupata nyufa kwenye maungio, na vyuma vinavyoshika mauntingi kwenye bodi hupokea mapigo ambayo mpira ulikuwa ukiyameza. Mauntingi za alumini tupu, zisizo na mpira hata kidogo, zilitengenezwa kwa ajili ya magari ya mashindano, ambayo injini yake hufunguliwa kila baada ya safari chache na dereva wake amevaa helmeti. Kati ya mpira wa kiwandani na alumini kuna daraja la katikati ambalo watu hulidharau kwa kuwa halina rangi nyekundu wala ya zambarau kama za poliyurethani: mpira mgumu zaidi wenye umbo lilelile la kiwandani. Mauntingi za Subaru zinazojulikana kama Group N ni za namna hiyo, na jina lake limetoka kwenye daraja la mashindano la FIA, shirikisho la kimataifa la magari, la magari yanayokaribiana sana na yale yanayouzwa madukani. Kwa gari la kwenda kazini na kurudi, sijaona sababu ya kuvuka hapo.

Dhana: gia zikikwaruza au zikigoma kuingia, tatizo ni mauntingi

Mauntingi haigusi chochote kilicho ndani ya giaboksi. Gia ikikwaruza wakati wa kuingia, cha kuchunguzwa ni klachi isiyoachia vizuri, pete za kusawazisha mwendo ambazo mafundi huziita sinkro, na oili. Kuhusu oili kuna dhana nyingine ndani ya dhana. Watu huambiana kwamba giaboksi ya manyuo lazima iwekwe oili ya daraja la GL-4 na kamwe si GL-5, kwa kuwa viungo vyenye salfa vilivyomo kwenye GL-5 vinaweza kula madini ya shaba ya sinkro. Tahadhari hiyo inafaa kwa giaboksi nyingi, lakini Subaru ya gia tano, ambayo oili moja hulainisha gia na difu ya mbele kwa pamoja, imeelekezwa na watengenezaji wake itumie GL-5 yenye uzito wa 75W-90. Kitabu cha gari kinapaswa kusomwa kabla ya kusikiliza yeyote, nikiwemo mimi.

Dhana: gari la otomatiki litafaidika vilevile

Gari la otomatiki halina mkono unaosukuma gia. Ulaini wa kubadilisha gia hutoka kwenye shinikizo la oili na vali zinazoliongoza. Mauntingi iliyokufa hujitambulisha kwa kishindo kizito unaposogeza kutoka P kwenda D au R, na dawa yake ni mauntingi mpya ya kawaida. Honda Fit ya kizazi cha kwanza inayotetemeka inapoondoka mara nyingi inadai oili yake maalumu ya giaboksi au ina tatizo la klachi ya kuondokea, na mauntingi ngumu itaufanya mtetemo huo usikike zaidi.

Dhana: mauntingi za poliyurethani zilibadilisha gari la jirani, kwa hiyo ni bora kuliko za kiwandani

Mara nyingi jirani huyo amelinganisha kitu kipya na maiti. Magari mengi yanayotumika kwetu huja kutoka Japani yakiwa yameshatumika. Kenya hukataa yaliyozidi miaka minane, Tanzania huyapokea yenye umri mkubwa zaidi kwa kutoza ushuru zaidi, na baada ya kushuka bandarini gari huendeshwa miaka mingine kumi. Mpira umepikwa na joto la ekzosi, umelowa oili iliyovuja, na umepasuka kwa ndani pasipoonekana. Mauntingi mpya ya kiwandani ingeleta sehemu kubwa ya furaha ileile bila mtetemo.

Hata hivyo, injini kucheza kidogo si dalili ya kifo. Fundi anayefungua boneti, akavuta mafuta kwa mkono na kutangaza kwamba mauntingi zimekwisha kwa kuwa injini imetikisika, hajapima kitu. Mpira uliwekwa ili utikisike. Kipimo kinachofaa ni kufunga breki zote, kuhakikisha hakuna mtu mbele wala nyuma ya gari, kisha kuachia klachi kidogo kwenye gia ya kwanza na baadaye kwenye rivasi huku mtu mwingine akitazama kutoka ubavuni. Injini inayoegemea polepole na kurudi iko salama. Inayoruka na kugonga chuma imekwisha.

Kuna mauntingi zenye majimaji ndani, na hizi hufa kwa kuvuja: ukiona weusi unaong'aa umechirizika chini yake, usiendelee kutafuta. Ukizibadilisha kwa nakala ya bei rahisi ambayo kwa nje inafanana lakini ndani ni mpira mtupu, gari litatetemeka likiwa sailensi, na lawama itaangukia injini isiyo na kosa.

Nimeona pia mauntingi zilizojazwa vipande vya tairi, na nyingine zilizomiminiwa gundi ya kubandikia vioo vya mbele. Gundi, kwenye kishikizo cha kuzuia msokoto ambacho mpira wake bado haujapasuka, hufanya kazi kwa muda. Tairi lina nyuzi na waya ndani, halina ugumu unaojulikana, na likichomoka injini hubaki ikining'inia juu ya vishikizo vilivyosalia.

Anayeamua kufunga mauntingi ngumu asifunge moja ngumu kupindukia kati ya nyingine zilizochoka, kwa kuwa hiyo moja itabeba mzigo wa zote na chuma kinachoishika ndicho kitakachopasuka. Jeki iwekwe chini ya giaboksi ikiwa na ubao katikati, isiwekwe kwenye sampu, yaani bakuli la oili lililo chini ya injini. Bolti zishikizwe kwanza bila kukazwa, jeki ishushwe ili mipira ipokee uzito, injini iwashwe kidogo ijipange mahali pake kisha izimwe, na hapo ndipo zikazwe kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu. Zinazokazwa wakati injini bado inaning'inia kwenye jeki huacha mpira ukiwa umesokotwa tangu siku ya kwanza, na gari hurudi gereji na malalamiko yaleyale.