Dumu la maziwa limeoshwa, mbona bado linateleza?

Swali: Dumu nalisuuza kwa sabuni kila jioni, lakini nikipitisha kidole mdomoni mwake nakuta utelezi. Si mafuta ya maziwa hayo?

Jibu: Mafuta yamo. Ila utelezi unaorudi kila siku mara nyingi ni utando wa bakteria, wataalamu wanauita biofilimu. Bakteria wachache hunata ukutani, wakazaliana, kisha wakatoa ute wa sukari na protini wa kujifunika. Dumu la plastiki wanalipenda: mdomo mwembamba, mkono hauingii, na kila mkwaruzo ni pango. Mkebe wa aluminiamu wenye mdomo mpana ni ghali, najua, lakini unasugulika.

Swali: Nikitia jiki?

Jibu: Watakufa wa juu. Klorini iliyo ndani ya jiki huishia kwenye ute na mabaki ya maziwa kabla haijawafikia wa chini, na kesho hao wanaanza upya. Kwa hiyo jiki ije mwisho. Anza na maji ya kawaida, kwa sababu maji ya moto sana hugandisha protini ya maziwa ukutani. Kisha maji ya moto, sabuni na brashi, sugua hadi kidole kisiteleze. Suuza, ndipo utie jiki iliyozimuliwa kama chupa inavyoelekeza. Lipindue dumu juani likauke kabisa. Hapa ndipo wengi tunapokosea: tunalifunika lingali na unyevu.

Swali: Lakini maziwa si nachemsha?

Jibu: Endelea kuchemsha. Tatizo ni kwamba kuna bakteria aitwaye Staphylococcus aureus: akishamwaga sumu yake kwenye maziwa, yeye atakufa jikoni na sumu ibaki. Na ukiyarudisha kwenye dumu lile lile, umechemsha bure.

Swali: Na friji?

Jibu: Friji haimzuii bakteria mwingine, Listeria; anakua hata kwenye nyuzijoto 4, na hujenga utando kwenye mashine za viwandani. Afrika Kusini, 2017 hadi 2018, watu zaidi ya 1,000 waliugua kwa Listeria na zaidi ya 200 wakafariki, watoto wachanga wakiumia kuliko wote. Dokezo la chanzo lilitoka kwenye friji ya chekechea moja huko Soweto: polony, soseji nene inayoliwa bila kupikwa. Ilifuatiliwa hadi kiwandani, na Listeria wa aina ile ile wakakutwa humo. Mjamzito asiile bila kuipasha hadi itoe mvuke. Na raba ya mlango wa friji yako, ile mikunjo yake, umeisugua lini?