Toleo adimu la kisu cha kukunja: maana yake na jinsi ya kulitambua

Toleo adimu la kisu cha kukunja ni kisu cha muundo unaojulikana, wenye jina au namba yake, kilichotoka kiwandani na tofauti ambayo wenzake wengi hawana. Tofauti hiyo inaweza kuwa mpini wa malighafi nyingine, muhuri uliotumika kwa muda mfupi, kifaa kilichoongezwa au kuondolewa, au alama ya jeshi lililoagiza. Sharti ni hilo la kutoka kiwandani. Kisu kilichobadilishwa baadaye, iwe na fundi wa jua kali pale Kamukunji au na mwenyewe nyumbani, kinaweza kuwa kizuri na kikafaa sana jikoni, lakini hakiitwi toleo. Kimekarabatiwa, basi.

Nalisema hili mapema kwa sababu ndipo wengi wetu Nairobi tunapopotezea pesa. Ukipita kwa wauza vitu vya zamani Gikomba au Toi, utaonyeshwa kisu na kuambiwa, "Boss, hii haipatikani tena, angalia vile iko tofauti." Muuzaji huenda anasema kweli tupu: kiko tofauti. Swali ni nani aliyekitofautisha.

Huwezi kujibu swali hilo kama hujakijua kisu cha kawaida. Anayeanza hukimbilia vioja, ilhali mkusanyaji mzoefu hutumia muda mwingi akishika visu vya kawaida kabisa mpaka mkono umezoea uzito wao. Chukua kisu cha askari wa Uswisi, muundo wa 1961. Kikiwa kimekunjwa kina urefu wa milimita 93. Mpini ni wa alumini yenye vijimraba vidogo vya kuzuia mkono kuteleza, na ndani mna vifaa vinne: bapa la kukatia, kifungua mkebe, kifungua chupa chenye ncha ya bisibisi, na chuma cha kutobolea. Kampuni mbili zilikuwa zikilihudumia jeshi: Victorinox ya Ibach, ambako Karl Elsener alifungua karakana yake mwaka 1884, na Wenger ya Delémont, ambayo Victorinox iliinunua mwaka 2005. Kwenye shina la bapa wamepiga tarakimu mbili za mwisho za mwaka kilipotengenezwa; 76 ni 1976. Ukishayajua hayo, mtu akikuletea kisu kinachofanana na hicho lakini hakina tarakimu za mwaka, hutadanganyika kwamba umepata kisu cha jeshi chenye hitilafu. Kampuni iliwauzia raia visu vya namna hiyo pia. Ni halisi, ila si vya jeshi.

Shina nililolitaja ndiyo sehemu muhimu kuliko zote. Ni ile sehemu fupi isiyonolewa, kati ya makali na ribiti ambayo bapa huzungukia. Ni kwa kisu kama namba ya chesisi ilivyo kwa gari: rangi hubadilishwa, viti hubadilishwa, lakini chesisi ndiyo inayosema gari ni lipi. Fungua kisu, washa tochi ya simu, uilaze ili mwanga upite ubavuni mwa chuma badala ya kukipiga usoni. Muhuri uliopigwa kwa nguvu kiwandani una kina, kingo zake zimelainika kwa matumizi, na uchafu wa miaka umekaa ndani ya herufi. Herufi zilizochomwa juu juu kwa leza wiki iliyopita hazina kina, zina ukingo mkali, na mara nyingi hupita juu ya mikwaruzo ya zamani. Kama mkwaruzo uko chini ya herufi, mkwaruzo ulitangulia. Hapo unarudisha kisu kwa heshima na kuendelea na safari yako.

Kampuni ya Case ya Bradford, Pennsylvania, ni shule nzuri ya kusoma shina. Kuanzia 1965 hadi 1969 muhuri wake ulikuwa CASE XX U.S.A. Mwaka 1970 wakaongeza nukta kumi chini ya maandishi, kisha kila mwaka wakapunguza moja, hivyo nukta tisa ni 1971 na nukta moja ni 1979. Kuna pia namba ya muundo. Katika 6254, 6 inaeleza malighafi ya mpini, ambayo kwa kawaida ni mfupa. 2 ni idadi ya mabapa. Na 54 ni muundo wenyewe.

Sasa viwanda havitupi vipuri vizuri eti kwa sababu kalenda imegeuka. Bapa lililopigwa muhuri wa zamani likibaki kwenye sanduku, fundi hulitumia. Kwa hiyo kuna visu vyenye mabapa mawili ambapo moja lina muhuri wa kipindi kimoja na la pili muhuri wa kipindi kilichofuata. Hilo ni toleo la mpito, na ni la kweli kabisa. Lakini pia ndivyo kinavyoonekana kisu kilichovunjika bapa moja kikatiwa jingine. Utatofautishaje? Tazama ribiti. Ribiti ya kiwandani imesawazishwa na kofia ya chuma iliyo mwishoni mwa mpini, mara nyingi hata huioni. Iliyogongwa upya huacha duara hafifu, alama ya nyundo, au rangi tofauti kidogo na chuma kinachoizunguka. Kisha linganisha uchakavu. Mabapa mawili yaliyozaliwa siku moja yanaweza kutumika kwa viwango tofauti, lakini shina zao zimesuguliwa na springi kwa miaka ileile. Shina moja likiwa limelika na jingine jipya, hawakukua pamoja.

Uhaba nao huzaa matoleo, na mfano ninaoupenda ni wa Case hiyohiyo. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia na baada yake walitumia plastiki nyeusi yenye uso wa kukwaruza badala ya mfupa, huku namba ikiendelea kuanza na 6. Asiyejua husoma 6, huona plastiki, na kusema mpini umebadilishwa. Hapo kisu halali kimehukumiwa bure kwa sababu msomaji alijua kanuni bila kujua historia yake.

Kwetu hapa, kisu chenye uwezekano mkubwa wa kuibuka kwenye sanduku la marehemu babu ni kile cha jeshi la Kiingereza. Cha miaka ya vita hiyo kina mpini mweusi wa plastiki yenye mistari inayokatana, bapa nene lenye ncha iliyoshushwa, kifungua mkebe, na kipete cha kufungia kamba. Vingine vina msumari mnene uliochongoka, uliolala mgongoni mwa mpini, wa kufumulia kamba. Vingine havina, na vyote viwili ni vya kiwandani. Tafuta jina la mtengenezaji, mwaka, na alama ya mshale mpana: mistari mitatu inayokutana kwenye ncha, alama ya mali ya serikali ya Uingereza.

Mshale huo haukuwa mmoja. Uliozungukwa na herufi C ni wa Kanada. Wenye D kila upande ni wa Australia. Ukiwa pamoja na U ni wa Afrika Kusini, na ukiwa na I ni wa India. Nairobi hili si jambo la pembeni. Wanajeshi wa Afrika Kusini walipiga kambi Kenya mwaka 1940 kabla ya kuvuka kwenda kupigana na Waitaliano Somalia na Uhabeshi, na askari wetu wa King's African Rifles walifika hadi Burma. Kisu chenye U na mshale kilichopatikana Nanyuki au Gilgil kina maelezo yanayoingia akilini. Ukikipata, muulize mwenye nyumba kilifikaje, na uandike jibu lake siku hiyohiyo. Mzee akishaondoka, habari hiyo huwezi kuipata tena kokote.

Jina la nchi pia husaidia kukadiria umri. Marekani ilipitisha sheria ya ushuru mwaka 1890 iliyodai bidhaa za kigeni ziandikwe zilikotoka, na viwanda vya visu vya Sheffield, Uingereza, na Solingen, Ujerumani, vilivyouza huko vikaanza kupiga jina la nchi. Neno West Germany lina mipaka iliyo wazi: Ujerumani Magharibi ilikuwepo kuanzia 1949 hadi 1990. Kisu cha Okapi, chenye mpini wa mbao na nakshi za nyota na mwezi, kilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902, na tangu 1988 kinatengenezwa Afrika Kusini.

Kukosekana kwa kitu ni ushahidi dhaifu kuliko kuwepo kwake. Opinel, kisu cha Savoie nchini Ufaransa, kilipata pete yake ya kufungia bapa mwaka 1955. Kwa hiyo kisicho na pete huuzwa kama cha kabla ya 1955. Lakini pete hiyo hung'olewa kwa koleo kwa muda mfupi tu. Chunguza kola ya chuma iliyobaki: mikwaruzo inayoizunguka ni dalili kwamba pete iliwahi kuzungushwa hapo.

Kuhusu mipini, nitakuwa mkali kidogo. Visu vya zamani vya Sheffield vilivalishwa pembe za ndovu kwa wingi. Mfupa wa kawaida una vitundu na vistari vidogo vyeusi. Pembe ya ndovu ni laini na, ikitazamwa mahali ilipokatwa kwa upana, ina mistari inayokatana. Ukiona mistari hiyo, usinunue. Chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013, kuwa na kitu hicho bila kibali ni kosa, hata kama ndovu mwenyewe alikufa karne iliyopita. Hakuna toleo adimu linalostahili kukupeleka mahakamani, na mimi binafsi sioni fahari ya kulimiliki.

Seluloidi, plastiki ya zamani, ni hadithi nyingine. Inapozeeka huoza na kutoa mvuke unaokula chuma kilicho jirani, kwa hiyo kisu chenye mpini huo kiweke peke yake, penye hewa. Na chochote ulichopata, usikipeleke kwenye grainda ili king'ae. Mafuta ya cherehani na kitambaa vinatosha. Grainda hula muhuri, na muhuri ukiisha hakuna namna ya kujua ulichokuwa nacho.

Hata baada ya ukaguzi wote huu, kisu kimoja cha ajabu bado ni kisu kimoja cha ajabu. Mihuri iliyopigwa mara mbili au ngao, ile nembo ndogo ya chuma ya mpinini, iliyopigiliwa kichwa chini ni makosa ya mkono wa mtu mmoja siku moja, na yana wapenzi wake, lakini sisi huita hayo hitilafu. Toleo hudai kujirudia: kisu cha pili na cha tatu vyenye tofauti ileile, vilivyotoka kwa wenyewe wasiojuana, vikiwa na ribiti ambazo hazijaguswa. Kwa hiyo kipige picha pande zote mbili, piga na shina kwa karibu, pima urefu kwa milimita, kisha mtafute aliye na cha pili. Bei msizungumze mpaka mmeviweka viwili hivyo mezani pamoja.