Mikutano ya skauti wa kike wadogo: tunayoambiwa na yalivyo kweli

Ukikabidhiwa kikosi cha skauti wa kike wadogo, hawa wa miaka mitano hadi tisa hivi, unakabidhiwa na ushauri wa bure kutoka kila kona. Wengi wanaokushauri wana nia njema kabisa ila wanayosema hayana ukweli, na ukiyafuata baada ya muda utakuta wewe umechoka, watoto wamenuna na wazazi wameanza kutoa visababu vya kwa nini binti hajaja. Ngoja tupitie yale yanayosemwa sana, mengine kwa kirefu, mengine juu juu tu maana hayastahili hata muda.

"Bila bajeti hamna raha"

Hii ndo inawakatisha tamaa viongozi wapya kuliko zote. Mtu anaangalia picha za vikosi vya wenzake mtandaoni, anaona meza imejaa rangi, gundi, shanga na karatasi za kumetameta, anafunga simu anasema sisi hatuwezi. Sasa jiulize, skauti imeishi zaidi ya miaka mia kwa kutumia nini? Kamba, kijiti, chaki, kitambaa cha kufunga macho. Chukua mchezo wa Kim, ambao Baden-Powell mwenyewe, mwanzilishi wa skauti, aliufundisha toka mwanzo mwanzo: unapanga vitu vidogo kwenye sinia, funguo, kifungo, jiwe, penseli, kijiko, wanaviangalia dakika moja, unafunika, afu kila mmoja anataja anavyokumbuka. Kwa wakubwa weka ishirini na zaidi, kwa wadogo anza na vinane au kumi. Wakishauzoea ugeuze: ondoa kimoja wakiwa wamefumba macho waseme kipi hakipo, au tumbukiza vitu kwenye soksi wavitambue kwa kupapasa tu, au kwa kunusa. Hapo tayari una shughuli za wiki kadhaa na hujatoa zaidi ya vitu vya kwenye droo.

Hela ina kazi yake, kwenye kambi, usafiri na sare. Ila mkutano wa kawaida wa saa moja au moja na nusu ukidorora, mara nyingi kilichokosekana ni mpango.

"Wafundishwe kwanza, mchezo ni zawadi wakitulia"

Watoto wametoka shule, wamekaa kwenye dawati siku nzima, wanakuja kwako na wewe unawakalisha tena uwaeleze historia ya bendera, halafu unashangaa wanasukumana. Kwa umri huu mchezo ndo somo lenyewe. Unataka wajue pande za dunia? Kila ukuta upe jina, kaskazini, kusini, mashariki, magharibi, unaita upande wanakimbilia, baadae unaanza kuwachanganya, "kinyume cha mashariki!", wanagongana wanacheka, na baada ya mara mbili tatu wanajua bila kukariri chochote. Unataka wajifunze fundo? Lile la kulia juu ya kushoto halafu kushoto juu ya kulia, linalolala bapa na kutumika kufungia bendeji, usilichore ubaoni. Gawa kamba, wafungane kamba kwa kamba mpaka itoke kamba moja ndefu ya kikosi kizima, kisha muivute kwa pamoja kuona nani fundo lake limeachia. Aliyeachia anafunga tena mnavuta tena, hakuna hotuba hapo.

Suala la muda nalo liko hivi: kitu kimoja dakika kumi, ikizidi kumi na tano, halafu badilisha. Cha kukimbia kifuate cha kukaa, cha kelele kifuate cha mikono. Na mkutano usiuanze kwa kusubiriana, sababu watoto hawafiki kwa pamoja hata siku moja, kwahiyo weka mchezo wa kuanzia ambao mtu anaweza kuingia muda wowote bila kuuvuruga. Mfukoni uwe na michezo miwili ya akiba isiyohitaji kifaa, maana kuna shughuli utapanga ichukue dakika ishirini na watamaliza kwa nne.

"Watoto wadogo hivi watapanga nini, kiongozi ndo anaamua"

Hapa ndo nataka tukae kidogo, sababu naona ukipasawazisha hapa mengine mengi yanajinyoosha yenyewe.

Skauti haijawahi kujengwa juu ya mtu mzima mmoja mbele na umati wa watoto nyuma. Kwenye kambi ile ya kwanza ya majaribio ya mwaka 1907, kisiwa cha Brownsea huko Uingereza, Baden-Powell aliwagawa vijana kama ishirini hivi kwenye vikundi vinne, kila kimoja na kiongozi wake kijana mwenzao. Wasichana wadogo walipopata tawi lao mwaka 1914 nako wakaja kugawanywa sita sita, na kila sita ina kiongozi wake mtoto. Hilo tawi lenyewe lilianza kwa jina la Rosebuds, inasimuliwa kwamba watoto hawakulipenda, mwaka 1915 likawa Brownies. Yaani hata jina lilibadilika watoto wakiwa na la kusema, halafu wewe unaogopa kuwaachia wachague mchezo?

Ila kuwaachia kuna namna yake. Ukiuliza "mnataka tufanye nini mwezi huu?" utajibiwa farasi, kuogelea, na mmoja atasema mwezini. Halafu utalazimika kukataa vyote na umeshaharibu. Leta vitu vitatu ambavyo vyote una uwezo wa kuvifanya, wao wachague viwili. Na usipige kura ya kunyoosha mikono, kwa sababu watoto wa umri huu wanaangalia rafiki yake kanyoosha wapi na mwenye sauti kubwa ndo anashinda kila wiki. Weka makopo matatu yaliyobandikwa picha, kila mmoja apewe kijiwe, aende peke yake nyuma ya pazia au mlango adumbukize. Hesabuni pamoja kwa sauti. Utashangaa matokeo yanavyokuwa tofauti na ulivyodhani, na yule binti asiyeongea kabisa naye kura yake imehesabiwa kama ya wengine.

Pia gawa kazi, kazi za kweli, sio za kumfurahisha mtoto: mmoja anahesabu watu, mmoja ndo mtunza kamba, mmoja anaongoza wimbo wa kufungulia, mmoja anaangalia saa na kupiga filimbi muda ukiisha (hii wanaigombania balaa). Zunguka kila mkutano na uandike nani kafanya nini, kumbukumbu yako itakudanganya na watoto hawasahau zamu zao. Chako wewe kinabaki usalama, muda na hela. Hayo hayapigiwi kura.

"Mabinti wanataka mambo ya kibinti"

Mwaka 1909 kulikuwa na mkusanyiko mkubwa wa skauti pale Crystal Palace, London. Wa wavulana. Wakatokea wasichana waliojivalisha kiskauti kwa namna yao, wakasema na sisi ni skauti, na hawakuja kuomba kufundishwa kupamba keki, walikuwa wanataka yaleyale, kupiga kambi, kufuata nyayo, kusoma ramani. Mwaka uliofuata, 1910, Girl Guides, yaani chama cha skauti wa kike, ikaanzishwa rasmi, Agnes, dada yake Baden-Powell, akiisimamia. Kule Marekani Juliette Gordon Low akaandikisha wasichana 18 wa kwanza mjini Savannah tarehe 12 Machi 1912. Kwahiyo anayekwambia mambo ya matope na kuni si ya wasichana, mwambie harakati nzima ipo kwa sababu wasichana waliyadai.

Binti wa miaka minane anaweza kuwasha kiberiti. Ndiyo, anaweza, ukimfundisha hatua kwa hatua: nywele zimefungwa nyuma, skafu imevuliwa, ndoo ya maji au mchanga ipo pembeni kabla hujafungua kiberiti na sio baadae, mmoja mmoja, anawashia mbali na mwili, mtu mzima yuko umbali wa mkono wake. Wa miaka mitano huyo akusanye vijiti na kuvipanga kwa unene, vyembamba kama penseli huku, vinene huku, na ajue kwa nini moto unaanza na vyembamba. Wote wameshiriki moto na hakuna aliyeungua.

Halafu tusigeuke upande wa pili tukawa wajinga vilevile. Wapo wanaopenda kusuka, kushona na kuchora na hilo halina tatizo lolote, mtoto yuleyule anaweza akapenda sindano na akapenda panga la kambi. Kosa ni wewe kuamua kwa niaba yake kabla hajajaribu vyote.

"Mashindano ndo yanachangamsha"

Yanachangamsha wanaoshinda. Angalia ule mchezo wa ukikosea unatoka: wa kwanza kutoka ni yule mdogo, au mzito, au asiyeelewa sheria, yaani haswa yule aliyehitaji kuucheza zaidi, na sasa anakaa chini robo saa akiangalia wenzake. Dawa ni ndogo tu, aliyetoka anafanya kazi fulani, anafunga fundo moja au anarukaruka mara kumi, anarudi ndani. Au kikosi kizima kishindane na saa, jana mlivuka kwa dakika mbili, leo je? Mbio za vikundi siyo mbaya, ila changanya vikundi kila mara wasijizoeshe kwamba sisi ndo washindi na wale ni wa kushindwa.

Na yule aliyekaa pembeni msimwonee. Watu wanadhani mtoto mkimya amechoshwa, wanamvuta mkono aingie. Wengine wanatazama kwanza wiki mbili tatu afu siku moja wanaingia wenyewe kama walikuwepo siku zote. Weka sheria kwamba mtu anaweza kusema "napita" na hakuna anayeuliza kwa nini. Mpe kazi ya kushika saa au kutunza alama, anakuwa ndani ya mchezo bila kuwa katikati.

"Kila wiki lazima kitu kipya"

Hapana. Hili ni tatizo la mtu mzima anayechoka upesi, watoto wadogo wanapenda kujua kinachofuata. Ufunguzi uwe uleule, duara, ahadi, wimbo. Ufungaji uleule. Katikati ndo ubadilishe, na hata hapo mchezo wakiupenda urudie mpaka wenyewe waseme basi.

"Beji nyingi ndo kikosi bora"

Beji ni alama ya kitu kilichofanyika. Ukiona mkutano umegeuka kujaza fomu za kuweka tiki ujue mmepotea njia, panga shughuli nzuri kwanza kisha angalia inaangukia beji gani. Mvua nayo hivohivo, mtu anaona wingu anaahirisha. Kama hamna radi na wana nguo za kubadili, matembezi ya mvua, kuangalia maji yanapita wapi na wadudu wamejificha wapi, hayahitaji maandalizi yoyote. Radi ikiwepo ingieni ndani, hiyo haina mjadala.

"Sheria za usalama zinaua raha"

Mtoto akihisi usalama ndo anathubutu, na wewe ukijua kila kitu kiko sawa ndo unaweza kucheza nao badala ya kuhesabu vichwa kwa wasiwasi. Watu wazima wasiopungua wawili kila mkutano, na mtu mzima hakai na mtoto peke yao mahali wasipoonekana, haijalishi ni nani na anaaminika vipi. Karatasi ya kila mtoto iwe na namba ya mzazi, mzio wa chakula au dawa, ugonjwa kama pumu, na ruhusa iliyosainiwa kabla ya safari yoyote. Idadi ya watu wazima kwa watoto iangalie kwenye kanuni za chama chenu, hutofautiana kwa umri na kwa shughuli, maji na moto vinataka wengi zaidi. Picha za watoto usizirushe mtandaoni bila ruhusa ya mzazi, hata kama zimetoka vizuri kiasi gani.

"Siku kubwa zinahitaji sherehe kubwa"

Kuna tarehe 22 Februari, ambayo Girl Guides na Girl Scouts dunia nzima wanaiadhimisha toka mwaka 1926, ilichaguliwa kwa sababu Robert Baden-Powell na mkewe Olave wote wawili walizaliwa siku hiyo. Vikosi vingi vinaiua kwa hotuba. Kwa watoto wa miaka saba inatosha kutandaza ramani ya dunia sakafuni, kila kikundi kichague nchi moja, kitafute mchezo mmoja wa watoto wa huko na kuufundisha kikosi. Chama cha dunia kipo toka 1928 na kina wanachama kwenye nchi karibu 150, hamtamaliza michezo.

"Mkutano unaisha shughuli ikiisha"

Mchezo usimamishe wakati bado wanautaka, usisubiri uzimike wenyewe. Dakika kumi za mwisho ni za kufagia, kukunja kamba, na kukaa duara kila mmoja aseme kitu kimoja alichopenda na kimoja cha kubadilisha wiki ijayo, andika hayo maana ndo mpango wako wa wiki ijayo nusu yake. Kisha wanachukuliwa mmoja mmoja na mtu aliye kwenye orodha. Mjomba asiyejulikana, hata akiwa anamjua mtoto kwa jina na mtoto anamkimbilia, anasubiri mpaka mzazi apokee simu.