Pethidini, mofini na tramadoli, dawa kali za kutuliza maumivu, baada ya upasuaji wa tumbo: dhana potofu na ukweli

Dhana: Mofini ni ya mgonjwa wa saratani aliyefikia mwisho; aliyepasuliwa tumbo apewe pethidini, ambayo ni salama zaidi.

Ukweli: Dhana hii imekita mizizi hata wodini. Miligramu 10 za mofini ya sindano hutuliza maumivu takriban sawa na miligramu 100 za pethidini, ila nafuu ya pethidini kwa kawaida huisha ndani ya saa 2 hadi 3, kwa hiyo mgonjwa anayechomwa sindano hiyo kila baada ya saa 6 huvumilia maumivu nusu ya siku au zaidi. Isitoshe, ini huigeuza pethidini kuwa norpethidini, ambayo ikirundikana mwilini, hasa figo zikiwa dhaifu, huweza kusababisha mitetemeko na degedege. Kwa maoni yangu, mazoea ndiyo yanayoiweka pethidini mbele, wala si ubora wake. Hata hivyo, mofini nayo haimfai kila mtu: kwa mwenye figo zilizoshindwa, mabaki yake hulimbikizana na kupunguza kasi ya kupumua, na hapo fentanili, dawa nyingine ya jamii hiyo, hupendelewa zaidi.

Dhana: Tramadoli ni nyepesi, haina madhara.

Ukweli: Nguvu yake hutegemea kimeng'enya cha ini kinachotofautiana baina ya watu, ndiyo maana dozi ileile humtuliza mmoja na kumwacha mwingine akigugumia. Huweza kuchochea degedege, na haipatani na baadhi ya dawa za sonona. Mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani ilishauri mama anayenyonyesha asipewe tramadoli wala kodeini (dawa nyingine ya jamii hiyo), onyo linalomhusu moja kwa moja aliyejifungua kwa upasuaji.

Dhana: Ukizitumia utakuwa teja.

Ukweli: Kwa siku chache, chini ya uangalizi, hatari hiyo ni ndogo, ingawa huongezeka kwa aliyewahi kuwa na uraibu au anayeendelea kuzimeza nyumbani kwa wiki nyingi. Anayeogopa dawa akashindwa, kwa maumivu, kukohoa, kuvuta pumzi ndefu na kuinuka kitandani hujiweka karibu na nimonia na damu kuganda miguuni.

Dhana: Tumbo likijaa gesi na choo kikakataa, dawa ibadilishwe.

Ukweli: Zote hupunguza mwendo wa utumbo. Kinachosaidia ni kupunguza dozi kwa kuongeza parasetamoli kwa ratiba, pamoja na diklofenaki, dawa ya maumivu isiyo ya jamii ya mofini, ikiwa figo na hali ya kutokwa damu vinaruhusu.