Kabla hujalipia kijibwa, muone mama yake

Malipo ya korosho yakianza kuingia, maswali tunayoletewa sisi madaktari wa mifugo hubadilika. Mbali na ng'ombe na kuku, watu wa Mtwara mjini, Masasi na hata Newala huuliza watapata wapi mbwa mdogo wa kufuga ndani: Chihuahua, Maltese, Pomeranian. Huku kwetu mbwa tuliyemzoea ni wa shamba, wa kufukuza nyani na nguruwe kwenye mihogo, na mtoto wake unaomba kwa jirani. Hawa wa kigeni wengi huagizwa Dar es Salaam au Arusha. Pesa inatumwa kwa simu, mbwa anakuja kwa basi, na mnunuzi hajui hata alikozaliwa.

Mzalishaji makini hasumbuki ukimwambia unataka kumwona mama wa watoto. Anayekuzungusha, leo mama yuko kwa shemeji, kesho amesafirishwa, mara nyingi ni dalali aliyekusanya watoto wa nyumba tatu nne na kuwachanganya, pamoja na magonjwa yao. Ukishindwa kusafiri, mpigie simu ya video watoto wakiwa wananyonya. Picha tupu usiikubali, huibwa kirahisi. Mama mwenyewe mtazame anavyotembea. Akiruka mguu mmoja wa nyuma hatua mbili tatu kisha akaukanyagia tena kama kawaida, huenda kifuniko cha goti kinateguka. Tatizo hilo ni la kawaida kwa mbwa wadogo, na hurithiwa. Muulize mzalishaji kuhusu baba pia, na kama wawili hao ni ndugu.

Umri ndio unaoua wengi. Mtoto wa mbwa asitenganishwe na mama kabla ya wiki nane, lakini wapo wanaouza wa wiki tano kwa sababu akiwa mdogo zaidi ndiyo anapendeza zaidi. Mbwa wa nusu kilo hana akiba ya sukari mwilini. Akipitisha saa kadhaa bila kula hulegea, huyumba, hupata degedege, na anaweza kufa. Sasa mweke ndani ya boksi, kwenye buti la basi, Dar hadi Mtwara, zaidi ya kilomita 500, na joto la pwani. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 ipo, ila mara nyingi boksi likifunguliwa stendi mambo yameshaharibika. Mfuate mwenyewe, umlishe kidogo kidogo njiani, na uwe na asali ya kumpaka kwenye fizi akilegea. Ukiwa bado kwa muuzaji, mfungue mdomo: kwa kawaida mtoto wa wiki nane huwa na meno yote 28 ya utoto. Ukikuta fizi tupu nyuma, huenda umri umeongezwa.

Wale wanaotangazwa kuwa wataenea kwenye kikombe maisha yao yote si aina ya mbwa. Ni waliodumaa, au waliozaliwa na wazazi waliochaguliwa kwa udogo tu. Mimi nisingemnunua hata kwa bei ya kutupa.

Kadi ya chanjo isome, usiishie kuona muhuri. Kila chanjo inatakiwa kuwa na tarehe, lebo ndogo iliyobanduliwa kwenye kichupa yenye namba ya toleo, pamoja na saini na jina la daktari. Chanjo ya distempa na parvo, magonjwa ya virusi yanayoua watoto wa mbwa, huanza wiki ya sita hadi ya nane, hurudiwa kila wiki tatu au nne mpaka wiki ya 16. Ya kichaa cha mbwa kwa kawaida hutolewa akifikisha miezi mitatu. Kadi inayoonyesha mtoto wa wiki sita ameshamaliza zote imejazwa mezani. Ukiletewa cheti cha ukoo, mathalani cha East Africa Kennel Club, chama kinachosajili mbwa kule Nairobi, ni kizuri, ila kinakueleza babu yake; habari za minyoo hakina.

Muuzaji mzuri naye atakuhoji: nani anashinda nyumbani, una mbwa wengine, daktari wako yuko wapi. Usimchukie. Mwombe akuandikie kwamba daktari akimkuta mbwa na ugonjwa ndani ya siku chache, atampokea na kurudisha pesa. Akikataa, achana naye.

Na kama uani kwako mbwa aliwahi kufa kwa kuhara damu, kirusi cha parvo hukaa kwenye udongo miezi mingi. Sakafu ioshe kwa klorini ya kufulia iliyochanganywa na maji, kipimo kimoja kwa 30, na usimshushe mgeni uani mpaka amalize chanjo. Kupe nao ni wengi ukanda huu, kwa hiyo dawa yao iwepo siku anayofika. Ndani ya siku mbili mpeleke kwa daktari wa mifugo wa halmashauri, ukiwa na kadi mkononi.