Je, wajua kwa nini mtafiti makini humwomba mwenyekiti aondoke kabla ya kukuomba ushiriki?

Katika vijiji vingi vya Tanzania, mtafiti wa afya haji nyumbani kwako peke yake. Huja na mwenyekiti wa kitongoji, ambaye hupiga hodi, husalimia, kisha husema, "Hawa ni wageni wetu, wana mazungumzo na wewe." Timu iliyofunzwa vizuri humshukuru hapo hapo, naye huaga na kwenda zake. Hasubiri chini ya mwembe wala hasimami karibu na mlango. Mazungumzo ya kushiriki au kutoshiriki huanza akishatoka kabisa uani.

Sababu yake ni hii. Mwenyekiti ndiye anayeitwa mipaka ya shamba inapogombaniwa. Ndiye anayejua nani yumo na nani hayumo kwenye orodha ya kaya zinazosaidiwa, na barua ya utambulisho huanzia kwake. Mbele yake ni wachache watakaosema "hapana." Mtu atakubali, fomu itasainiwa, na hiyo haitakuwa ridhaa. Hasara haimwangukii mshiriki peke yake. Aliyekubali kwa aibu hukataa kwa miguu: ziara ya pili hayupo, ya tatu simu imezimwa, na utafiti uliopangwa kumfuatilia mtu kwa miezi 12 unabaki na mapengo yasiyozibika.

Kwa hiyo swali linalopaswa kuulizwa katika kila hatua ya kutafuta washiriki ni moja: mtu huyu akikataa, atapoteza nini? Jibu likiwa ni chochote zaidi ya kuukosa utafiti wenyewe, kuna kitu cha kurekebisha kabla ya kuendelea.

Kabla ya hodi ya kwanza kuna ngazi za kupanda. Tanzania Bara, utafiti wa afya hupata kibali cha maadili kupitia kamati ya kitaifa iliyo chini ya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu. Zanzibar ina taasisi yake ya utafiti wa afya, ZAHRI. Kenya, kamati za maadili huidhinishwa na NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, ambayo pia hutoa leseni ya utafiti. Wengi hudhani kamati husoma mpango wa kisayansi tu. Husoma pia bango litakalobandikwa zahanati, tangazo la redio, ujumbe wa WhatsApp, hata maneno atakayoanza nayo mdadisi mlangoni. Ukibadilisha sentensi moja kwenye bango baada ya kibali, bango hilo linarudi kwenye kamati.

Baada ya hapo barua hushuka: mkoa, wilaya, halmashauri, kata, kijiji. Kenya hupita kaunti, chifu, naibu wa chifu, mzee wa mtaa. Kosa la kawaida hapa ni kuuchukua muhuri wa kijiji kama kibali cha wanakijiji. Muhuri unakuruhusu kuingia kijijini, basi. Hakuna kiongozi anayeweza kukubali kwa niaba ya mtu mzima mwenye akili timamu, na mkutano wa hadhara si mahali pa kunyoosha mikono ili kujiandikisha.

Mkutano wenyewe, hata hivyo, ni muhimu sana, na timu nyingi huupunja muda. Pale ndipo watu husikia habari kwa pamoja na kuuliza yale ambayo mtu akiwa peke yake angeona haya kuyauliza. Swali la damu halikosekani. Pwani yote, kuanzia Lamu hadi Kilwa, hofu ya mumiani, watu wanaodaiwa kunyonya damu za wengine, ni ya zamani, na mtafiti anayeicheka amejifungia milango mwenyewe. Mwitikio unaofaa ni hesabu: tutachukua mililita 5, yaani kijiko kimoja cha chai, itatolewa mkononi mara mbili, leo na baada ya wiki nne, itapimwa vimelea vya malaria na wingi wa damu, itakayobaki itahifadhiwa maabara fulani kwa miaka kadhaa au itateketezwa. Kama sampuli itasafirishwa nje ya nchi, liseme hapo mkutanoni. Likigundulika baadaye, hakuna maelezo yatakayorudisha imani. Kilifi, ambako programu ya KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, na Wellcome, shirika la hisani la Uingereza, ipo tangu mwaka 1989, watafiti wameweka utaratibu wa wawakilishi wa jamii wanaochaguliwa na wakazi, ili minong'ono kama hiyo iwafikie mapema na kwa mdomo wa mwenyeji.

Kisha, nani aombwe? Ukimwambia mwenyekiti akupe kaya 40, atakupa ndugu zake, majirani walio karibu na barabara na wale wanaojua kuzungumza na wageni. Hakuna ubaya moyoni mwake, anakusaidia. Lakini matokeo yataeleza maisha ya kandokando ya barabara, na kama kuna faida yoyote, imekwenda kwa watu wale wale. Dawa yake ni kuchukua rejista ya kaya zote, kuzipa namba, na kuchagua kwa bahati nasibu. Kaya ikikutwa imefungwa, usiibadilishe na ya jirani. Rudi hadi mara tatu kwa nyakati tofauti, mojawapo ikiwa jioni, kwa sababu mkulima hayupo nyumbani saa nne asubuhi, na ukiwahoji wanaopatikana saa hiyo tu umewaacha nje wenye jembe mkononi.

Hospitalini mwenyekiti huvaa koti jeupe. Daktari anayekutibu akikuomba ushiriki utafiti wake, utajiuliza huduma itakuwaje ukikataa, hata kama yeye hana wazo hilo kabisa. Ndiyo maana daktari anatakiwa kukutajia tu kwamba kuna utafiti, na kazi ya kueleza na kuomba ifanywe na mtu asiyekutibu. Mhadhiri hawaandikishi wanafunzi anaowasahihishia mitihani, na msimamizi wa shamba la mkonge hapaswi hata kujua kibarua gani amekataa.

Wakati nao una uzito wake. Mama aliye katikati ya uchungu hayuko katika hali ya kusikiliza kurasa sita. Maelezo yanapaswa kutolewa kliniki ya wajawazito, wiki kadhaa kabla. Mwaka 1996 huko Kano, Nigeria, katikati ya mlipuko wa homa ya uti wa mgongo, kampuni ya Pfizer ilijaribu dawa ya Trovan katika utafiti wa watoto 200, nusu yao wakipewa dawa hiyo na nusu nyingine dawa iliyokwisha kuzoeleka. Baadhi ya wazazi walisema baadaye kwamba hawakujua kuwa ule ni utafiti; kampuni ilishikilia kwamba familia zilielezwa na zikakubali kwa mdomo. Mwaka 2009 ilifikia mapatano ya dola milioni 75 na Jimbo la Kano. Mzazi mwenye mtoto anayetetemeka kwa homa, mbele ya foleni ndefu, huona mganga. Hawezi kuona mtafiti asipoonyeshwa waziwazi.

Hapo tunafika kwenye maneno mawili yanayopaswa kuogopwa kuliko yote katika tangazo la utafiti: "matibabu bure." Kuanzia mwaka 1932 hadi 1972, Huduma ya Afya ya Umma ya Marekani iliwafuatilia wanaume weusi wa Kaunti ya Macon, Alabama, katika utafiti unaojulikana kwa jina la Tuskegee: 399 wenye kaswende na 201 wasio nayo. Waliambiwa wanatibiwa "damu mbaya." Walipewa chakula, vipimo, na ahadi ya gharama za mazishi endapo familia ingeruhusu maiti kupasuliwa. Ulipofika wakati wa kuwachoma sindano ya uti wa mgongo, ambayo ilikuwa kipimo tu na yenye maumivu, barua waliyotumiwa iliiita nafasi ya mwisho ya matibabu maalumu ya bure. Penisilini ilipokuja na kuthibitika kuwa inaponya, hawakupewa. Uovu huo ulianzia kwenye namna walivyoitwa kushiriki, miaka mingi kabla ya dawa kunyimwa. Bango la leo linalotaka kuwa safi hutaja jina la utafiti, nani anafaa, nini kitafanyika, muda unaohitajika na namba ya kupiga. Kama kuna malipo, huyataja kwa maandishi ya kawaida, si kwa herufi nene juu kabisa.

Kusoma fomu si kuelewa. Njia inayofaa ni kumwomba mtu aeleze kwa maneno yake, kwa maswali yasiyojibika kwa ndiyo au hapana: "Ukiamua kuacha mwezi ujao, nini kitatokea?" "Nani ataamua utapata dawa ipi?" Chukua jaribio kubwa la chanjo ya malaria ya RTS,S lililoandikisha watoto 15,460 katika vituo 11 vya nchi saba, vikiwemo Bagamoyo, Korogwe, Kilifi, Kombewa na Siaya. Si kila mtoto alipewa chanjo ya malaria. Katika kundi la wakubwa kidogo, watoto wa kulinganishwa walipewa chanjo ya kichaa cha mbwa. Mzazi katika jaribio la aina hiyo akiulizwa mtoto wake atachomwa chanjo gani, jibu sahihi ni "Sijui, na hata anayemchoma sindano hachagui yeye." Akijibu kwa uhakika "ya malaria," hajaelewa, na haandikishwi siku hiyo. Anaelezwa upya, anapewa nakala aende nayo nyumbani, aulize, alale. Asiyejua kusoma huweka dole gumba mbele ya shahidi asiye mwajiriwa wa mradi. Kwa mtoto, mzazi hutoa ridhaa, lakini mtoto mwenyewe naye huulizwa. Kamati nyingi huanzia miaka 7, na akikataa anasikilizwa.

Fedha ndizo huwagawa hata wataalamu. Wapo wanaodhani maadili ni kulipa kidogo iwezekanavyo. Hilo ni kosa: mtu anayepoteza kibarua cha siku ili akusaidie amekupa mali yake. Hesabu iliyo wazi ni ya vipande vitatu. Tuseme nauli ya kwenda na kurudi ni Sh 4,000, chakula Sh 3,000, na ziara inakula nusu siku mahali ambapo kibarua cha siku ni Sh 8,000. Basi mshiriki apewe Sh 11,000 kwa kila ziara. Ilipwe siku ile ile. Ukiirundika hadi ziara ya mwisho, umemfunga kamba: anayetaka kujitoa katikati atabaki kwa sababu ya fedha zake zilizo mikononi mwako. Aliyekuja kupimwa na kukutwa hafai naye arudishiwe nauli.

Ugumu huzidi kwenye tafiti ambazo watu wazima wenye afya huambukizwa malaria kwa makusudi chini ya uangalizi, kama zilivyofanyika Bagamoyo na Kilifi katika muongo wa 2010. Mshiriki hufuatiliwa kwa karibu, mara nyingine akilala kituoni siku kadhaa, kwa hiyo fidia haiwezi kuwa nauli tu. Lakini ikipanda mno, mtu ataficha ugonjwa wa moyo, au dawa anazotumia, ili asikataliwe. Hapo fedha imemhatarisha na kuharibu takwimu kwa pamoja. Ndiyo maana kiasi hupangwa na kamati pamoja na wenyeji wanaojua kipato cha eneo, na kila kitu kinachoweza kupimwa hupimwa badala ya kutegemea kauli ya mwombaji peke yake.

Na malipo ya mdadisi yaangaliwe kwa jicho hilo hilo. Anayelipwa kwa kila mtu anayemleta atafupisha maelezo, ataruka madhara, na mwisho atasaini yeye mwenyewe. Mlipe kwa siku, amepata watu kumi au hajapata hata mmoja. Timu ya dhati huandika pia idadi ya waliokataa, bila majina yao. Wadadisi wakirudi na ndiyo 200 na hapana sifuri, msimamizi asifurahi. Aende uwandani kesho yake akaangalie nani anasimama karibu na mlango.

Ukipewa fomu, tafuta namba mbili za simu ukurasa wa mwisho. Moja ni ya mtafiti. Ya pili ni ya kamati ya maadili, ambayo mtafiti haiendeshi, ili mwenye malalamiko asilazimike kumshitaki mtu kwake mwenyewe. Namba ya pili ikikosekana, usisaini. Ikiwepo, unaweza kuipiga hata kabla ya kuamua, ukawauliza kama utafiti huo una kibali na kibali chenyewe kinaisha lini.