Hambaka: pikapu iliyoundwa kuua mvumo, ikageuka sauti ya roki

Hambaka ni pikapu ya gitaa la umeme yenye koili mbili, yaani mizingo miwili ya waya, badala ya moja. Maana yake kwa ufupi ni hiyo, ila haimtoshi mtu anayetafuta gitaa la kupigia roki ya miaka ya sitini na sabini. Dukani wengi huchagua umbo na rangi. Sauti wanayoitaka imo ndani ya kile kijisanduku kilicho chini ya nyuzi, nacho ndicho huulizwa mwisho, au hakiulizwi kabisa.

Mpiga udi wa Lamu hana haja ya pikapu. Tumbo la udi ni wazi ndani. Uzi ukitikisika, ubao unatikisika, na hewa inatoka na sauti hadi barazani. Gitaa la roki kwa kawaida ni ubao mzito usio na uwazi. Ulipige bila kulichomeka, aliye chumba cha pili hasikii kitu. Pikapu ndiyo sikio lake: sumaku, na kandokando yake waya wa shaba mwembamba kama unywele uliozungushwa maelfu ya mara. Uzi wa chuma ukicheza juu ya sumaku, umeme kidogo sana unazaliwa ndani ya waya, na huo ndio unaokwenda kwenye amplifaya. Ndiyo maana nyuzi za nailoni hazisikiki hata kidogo kwenye pikapu ya namna hii.

Shida ni kwamba koili haichagui. Stima ya Kenya hubadilisha mwelekeo wake mizunguko 50 kwa sekunde, na kila transfoma, mota ya feni na injini ya friji iliyo karibu huisambaza hewani. Koili moja huunasa mtikisiko huo kama inavyonasa uzi. Utasikia mvumo wa 50 na, zaidi, wa 100 kwa sekunde, ambao uko karibu kabisa na noti ya G unayoipata ukibonyeza uzi mnene kwenye freti ya tatu, yaani kijichuma cha tatu cha shingoni (mara 98 kwa sekunde). Ukumbi wa hoteli Malindi wenye friza za vinywaji nyuma ya jukwaa na taa za kupunguzwa mwanga ni mahali pagumu kwa gitaa la koili moja. Ukiongeza amplifaya, mvumo nao unaongezeka.

Seth Lover, mhandisi wa kampuni ya magitaa ya Gibson huko Marekani, alilishughulikia jambo hili. Aliomba hataza, yaani haki ya mvumbuzi, mwaka 1955 na akapewa mwaka 1959. Gitaa la Gibson liitwalo Les Paul, lililokuwa sokoni tangu 1952 likiwa na pikapu za koili moja, likaanza kupata hambaka mwaka 1957. Jina lenyewe la Kiingereza lina maana ya kitu kinachoupinga mvumo.

Ujanja wake unafaa kuelezwa taratibu. Koili mbili zimelazwa ubavu kwa ubavu na kuunganishwa ili umeme wa moja uende kinyume na wa nyingine. Mvumo unaotoka hewani unaingia kote sawasawa, basi kwenye koili ya kwanza unakuwa jumlisha na kwenye ya pili unakuwa toa. Vikikutana vinafutana. Sauti ya uzi je, mbona haifutiki? Kwa sababu sumaku ya koili ya pili nayo imegeuzwa: kwenye koili moja ncha inayoelekea nyuzi ni ya kaskazini, kwenye nyingine ni ya kusini. Kwa hiyo sauti ya uzi inageuzwa mara mbili, mara ya kwanza na sumaku, mara ya pili na muungano wa waya. Chapati ukiigeuza mara mbili, upande ulioanza juu umerudi juu. Mvumo haujali sumaku, unageuzwa mara moja tu, ndipo unapopotea.

Lover alitaka kimya. Sauti ya roki ilikuja kama faida ya ziada. Koili mbili zilizofuatana hutoa umeme mwingi kuliko moja, na amplifaya ya valvu ikisukumwa hivyo hushindwa kuubeba wote, ikaanza kukata vilele vya mawimbi. Mkato huo ndio ule ukali mtamu unaovuta noti, kama nzumari inavyoshikilia pumzi. Tena hambaka husikiliza uzi mahali pawili palipoachana chini kidogo ya sentimita mbili, kwa hiyo baadhi ya milio myembamba sana ya juu hupungua. Sauti inanenepa. Jimmy Page wa Led Zeppelin na Les Paul yake, Angus Young wa AC/DC na SG yake, gitaa jingine la Gibson, wote wamejenga juu ya unene huo.

Hilo halina maana kwamba koili moja si ya roki. Jimi Hendrix alipiga Stratocaster, aina ya gitaa iliyotoka kwanza 1954 ikiwa na pikapu tatu za koili moja, na hakuna wa kumwambia alikosea. Koili moja hung'aa, kila uzi unasikika peke yake. Ila kwa anayenunua gitaa moja tu, akae Malindi au Lamu, apige kwenye kumbi ambazo hajui waya zake zimepitaje, ushauri wetu ni hambaka mbili, swichi ya njia tatu ya kuchagua pikapu, na daraja (kile kinachoshika nyuzi upande wa tumbo) lisilotikisika. Anayetaka kung'aa anaweza kutafuta gitaa lenye kitasa cha kuzima koili moja, akijua kwamba akikivuta tu mvumo unarudi.

Namba za pikapu zina maana, ila si kubwa ndiyo nzuri. Hambaka za asili zilikuwa na mizunguko ipatayo 5,000 kwa kila koili na ukinzani wa kilo-omu 7 hadi 9, na sumaku ya alniko, yaani mchanganyiko wa chuma na alumini, nikeli na kobalti. Siku hizi zipo za kilo-omu 14 hadi 16, nyingi za sumaku ya seramiki, zilizokusudiwa muziki wa metali. Kwa roki ya zamani hizo huchosha: zinaisukuma amplifaya kila wakati, na ukipunguza sauti kwenye gitaa hazisafiki. Kipimo kizuri ni hiki. Weka amplifaya mahali inapoanza kukwaruza, fungua kitasa cha sauti cha gitaa chote, piga kordi ya E nzima, nyuzi zote sita. Ukisikia zogo lisilo na nyuzi ndani yake, pikapu ni nzito mno. Kisha shusha kitasa hadi 5 au 6, upige tena. Ukwaruzi uondoke, kordi ibaki na uhai. Gitaa linalofanya hivyo linakupa sauti mbili bila kugusa pedali. Angalia pia vitasa: hambaka hupewa vya kilo-omu 500. Fundi akiweka vya 250, sauti inafifia juu, nawe utailaumu pikapu bure.

Gitaa la mitumba lipimwe kwa bisibisi na mita ya fundi wa stima. Ukiwa umechomeka, sauti chini, gusa taratibu kwa ncha ya bisibisi upande wa pikapu wenye skrubu, halafu upande wa pili. Pande zote mbili zitoe "tok". Yapo magitaa ya bei rahisi yenye kifuniko kipana cha hambaka na koili moja tu ndani, na hapo ndipo hujulikana. Baadaye chomoa waya kwenye amplifaya, swichi iwe upande mmoja, sauti 10, upime kati ya ncha ya plagi na shina lake. Ukisoma 7 hadi 9, vizuri. Ukisoma karibu nusu ya hapo, koili moja imerukwa. Ukisoma karibu 500, waya wa pikapu umekatika, na unachosoma ni kitasa peke yake. Swichi isiwe katikati, maana hapo pikapu mbili husomwa pamoja na namba hushuka hata kama zote ni nzima. Kwa umbo la Les Paul, tazama vilevile nyuma ya shingo pale kichwa kinapoanza kuinama. Nyufa za pale hufichwa na rangi.

Urefu wa pikapu hubadilisha sauti kuliko wengi wanavyodhani. Bonyeza uzi kwenye freti ya mwisho, upime kutoka chini ya uzi hadi juu ya skrubu ya pikapu: milimita 2.4 kwa pikapu ya shingoni, 1.6 kwa ya darajani. Ukiisogeza karibu zaidi, sumaku huuvuta uzi, noti inakufa mapema na hata tyuni inayumba. Kama ya shingoni ina matope, ishushe kwanza kabla ya kufikiria kununua nyingine.

Chumvi ya bahari haina huruma na vyuma. Futa nyuzi kwa kitambaa kikavu cha pamba kila umalizapo, na juu ya skrubu za pikapu pia. Usisugue freti kwa sufi ya chuma, ile ya kusugulia sufuria, bila kufunika pikapu kwa tepu: vumbi la chuma hurukia sumaku na kukaa humo miaka.

Mwisho, kuna kelele ambazo hambaka haiziponyi. Mkwaruzo unaosikika ukizungusha kitasa ni uchafu au kutu ndani ya kitasa, dawa yake ni spreyi ya kusafishia viunganisho vya umeme. Mvumo unaopungua ukigusa nyuzi ni wa kawaida. Kinga ya ndani ya gitaa ni dhaifu tu. Mvumo ukizidi unapogusa, mpe fundi atazame waya wa ethi unaotoka darajani. Ila ukigusa nyuzi ukahisi kutekenywa na stima, zima amplifaya ukutani papo hapo. Hapo gitaa halina kosa. Soketi haina ethi, au amplifaya ina hitilafu, na aliyeukata mguu mrefu wa juu wa plagi ili mvumo upungue amekuachia hatari hiyo mikononi.